Maswali Yenu Kuhusu Miradi ya Sanaa Shuleni: Udongo, Karatasi na Gome la Mtuba

Barua za mwezi huu zinahusu somo la Sanaa na Ubunifu katika vidato vya chini vya sekondari. Mtaala mpya wa Uganda, ulioanza kutumika mwaka 2020 na ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, unatenga asilimia 20 ya alama kwa tathmini inayofanywa shuleni na asilimia 80 kwa mtihani wa mwisho, na kwa sababu hiyo neno "mradi" limeingia katika kila nyumba yenye mwanafunzi. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, katika shule za kutwa na za bweni, na nitajibu kama mwalimu wa darasani.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Ninafundisha kidato cha kwanza na cha pili katika wilaya iitwayo Kumi, mashariki mwa nchi. Darasa langu moja lina wanafunzi 84, na kwa muhula mzima nimepewa rimu moja ya karatasi na boksi mbili za rangi za maji. Kila ninapotangaza mradi, nusu ya darasa huchora bendera ya taifa na nusu nyingine huchora korongo, yule ndege wa taifa. Niwape mradi gani? (Mwalimu wa sanaa, Kumi)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, sijambo, nakushukuru. Wewe unafundisha karibu na hazina ambayo walimu wengi wameiona katika picha tu. Kwenye miamba ya Nyero, hapo hapo wilayani kwako, watu wa kale walichora miviringo ndani ya miviringo kwa rangi nyekundu, na michoro hiyo ingali inaonekana mpaka leo. Ningekushauri uache kwanza suala la nini kichorwe, uwaulize wanafunzi wako swali moja ambalo litawashughulisha muhula mzima: rangi hutoka wapi?

Waambie kila mmoja alete konzi mbili za udongo zilizofungwa katika karatasi, na juu ya karatasi aandike mahali alipouchukua: kwenye kichuguu, ukingoni mwa barabara, bondeni, au pale shimo jipya linapochimbwa. Upange udongo huo juu ya meza ndefu. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili, darasa lilinyamaza kimya, kwa sababu watoto waliozoea kusema "udongo ni wa kahawia" waliona mbele yao wekundu wa kutu, rangi ya chungwa bivu, kijivu cha majivu, njano iliyofifia, na mwingine mweupe karibu kama unga wa muhogo. Siku hiyo walielewa maana ya kutazama, nami sikuhitaji kuwaeleza.

Kazi inayofuata ni ya mikono. Udongo ukaushwe juani, utwangwe, uchekechwe kwa kitambaa chepesi, kisha ukorogwe katika maji mengi ndani ya kibuyu cha plastiki kilichokatwa. Mwanafunzi ahesabu mpaka thelathini ili mchanga mzito utangulie kuzama, halafu ayamimine maji yale yenye tope katika chombo cha pili na kuyaacha mpaka kesho yake. Asubuhi maji yatakuwa yametulia juu na tope laini limelala chini. Maji humwagwa taratibu, tope hukaushwa, na linalobaki ni unga laini wa rangi. Mkaa uliosagwa sana hutoa weusi. Mpe kila mmoja nafasi ya kuchora kwanza kwa unga na maji peke yake, ili mchoro ukishakauka apitishe kidole na kuona rangi yote ikibaki kidoleni; hapo ndipo atakapojua kwa nini rangi inahitaji kishikio. Kiini cha yai kilichochanganywa na kijiko cha maji hushika vizuri sana, ingawa lazima kitumike siku hiyo hiyo. Uji mwepesi wa wanga wa muhogo nao hufaa, na gundi nyeupe ya maseremala iliyopunguzwa kwa maji hudumu zaidi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha au unyoya wa kuku, na mahali pa kuchorea ni upande wa ndani wa boksi la sabuni lililopakwa uji wa muhogo na kukauka.

Sasa tuje kwenye picha yenyewe. Nakuomba usiwaambie waige miviringo ya Nyero, kwa sababu wataiga kama walivyoiga bendera. Waulize hivi: ikiwa ungeacha alama moja juu ya mwamba kwa ajili ya mtu asiyejua lugha yako, ili ajue jambo moja muhimu kuhusu mahali unapoishi, ungeacha alama gani? Wape wiki nzima ya kulifikiria na wadai majaribio matatu kabla ya mchoro wa mwisho. Namkumbuka msichana mmoja aliyechora nukta nyeusi katikati ya boksi na mistari myembamba ya udongo mwekundu ikielekea kwenye nukta hiyo kutoka kila upande, mingine imenyooka na mingine imepinda. Nilipomuuliza, alisema ni bomba la kisima cha kijiji chao likitazamwa kutoka juu, na kwamba mistari iliyopinda ni njia za watu wanaozunguka shamba la jirani ambaye hataki wapite kwake. Ule ulikuwa ubunifu wa kweli, na haukugharimu hata shilingi ya rangi.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, wagawe katika makundi ya watu saba kwa kazi ya kutengeneza rangi tu, maana hapo kushirikiana kunasaidia. Lakini mchoro na daftari viwe vya kila mtu peke yake. Daftari la michoro linaweza kushonwa kwa karatasi zilizotumika upande mmoja. Humo aandike udongo aliojaribu, kilichoharibika, na sababu za kubadili wazo lake. Mimi hulitengea daftari hilo nusu nzima ya alama za mradi, kwa sababu ndilo linalonionyesha njia aliyopitia, nalo ni vigumu sana kulighushi kuliko picha.

Muda ukibaki, wape mradi mdogo wa mihuri. Soli ya kandambili iliyochakaa hukatika vizuri kwa wembe, na kila mwanafunzi anahitaji kipande cha sentimita sita tu. Alama ikichongwa na kupakwa rangi ya ukutani iliyogawanywa kidogo kidogo, anaweza kuirudia juu ya kitambaa au karatasi na kujifunza mpangilio, mwachano na mrudio, mambo ambayo mwalimu huyaeleza kwa shida ubaoni. Wakumbushe tu kwamba herufi lazima zichongwe kinyume. Wembe zihesabiwe kabla na baada ya kipindi.

SWALI: Tulifinyanga vyungu vidogo 40 na wanafunzi wa kidato cha pili, tukavichoma nyuma ya jiko la shule. Vyungu 23 vilipasuka kwa kishindo na wanafunzi wengine walilia. Nusura niliache kabisa suala la udongo. Tulikosea wapi? (Mwalimu wa zamu ya jioni, Mbarara)

JIBU: Pole sana, Mwalimu, na uwape pole yangu wanafunzi. Usiuache udongo. Kishindo ulichosikia karibu hakika kilikuwa cha mvuke. Chungu kinachoonekana kikavu kwa nje huweza kuwa na unyevu katikati ya ukuta wake, na moto unapokipiga ghafla maji hayo hugeuka mvuke kwa kasi kuliko yanavyoweza kutoka, kwa hiyo yanauvunja ukuta. Watu wengi hulaumu mapovu ya hewa, na ni kweli kwamba udongo lazima ukandwe vizuri, lakini kwa uzoefu wangu unyevu ndio unaovunja vyungu vingi shuleni, hasa pale mwalimu anapokimbizana na mwisho wa muhula.

Anza na udongo wenyewe. Vingirisha kipande kiwe kama kamba yenye unene wa kidole kidogo, kisha kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka pasuka, udongo huo hauna mnato wa kutosha; kikijikunja bila kuvunjika, unafaa. Hata udongo mzuri wa bondeni unahitaji kuchanganywa na kitu cha kuupa matundu madogo ya kupitishia mvuke, na hapo wafinyanzi wetu wana dawa ya miaka mingi: vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikatwangwa na kuchekechwa. Vile vyungu 23 vyako, basi, visitupwe. Vitwange pamoja na wanafunzi wenyewe, uchanganye sehemu moja ya vigae kwa sehemu nne au tano za udongo, na wataona kazi yao ya kwanza ikiishika kazi yao ya pili.

Unene wa ukuta usizidi sentimita moja, na uwe sawa kutoka chini hadi mdomoni. Mkono wa kikombe au pambo lolote linalobandikwa likwaruzwe kwanza kwa kijiti pande zote mbili, lipakwe udongo wa majimaji mzito kama uji, ndipo libanwe; lililobandikwa juu juu litadondoka likikauka. Kausha kivulini kwa wiki mbili, na msimu wa mvua ongeza siku. Kabla ya kuchoma, kiguse chungu kwa shavu lako: kikiwa baridi kuliko hewa ya nje, bado kina maji.

Siku ya moto, vyungu vipangwe kwanza kuuzunguka moto mdogo kwa muda wa saa mbili au tatu, vikigeuzwa geuzwa, ndipo viingizwe katikati na kufunikwa kwa kuni, majani makavu na mabua. Moto uongezwe taratibu mpaka vyungu vionekane vyekundu ndani ya makaa. Kisha uvumilivu unahitajika tena, kwa kuwa chungu kinachotolewa kikiwa moto hupata ufa kwa upepo tu. Viache vipoe ndani ya majivu mpaka asubuhi. Wanafunzi wasimame mbali, wavae viatu vya kufunika vidole, na anayekoleza moto awe mtu mzima. Ukimpata mama mfinyanzi wa eneo lenu akakubali kuja siku hiyo, mlipe nauli na umwachie uongozi wa moto. Mimi nilijifunza kuchoma kwa kusimama kando ya mwanamke aliyejua joto la moto kwa sauti ya kuni.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili ameambiwa alete mradi wa sanaa. Ameniomba shilingi 60,000 za rangi na turubai, na mimi sina. Wenzake wengine wananunua vitu sokoni na kuviwasilisha kama kazi yao. Je, nami nimtafutie fundi amfanyie? (Mama wa watoto wanne, Jinja)

JIBU: Hapana, Mama, usimtafutie fundi, na nakuomba usijione umemnyima mtoto kitu. Kazi ya kununua inamwibia mwanafunzi saa zile alizopaswa kuhangaika nazo, na mwalimu makini ataigundua kwa maswali mawili: ulianzaje, na palipokushinda ulifanya nini? Mwalimu wake akiwa ameagiza turubai kweli, nenda ukaongee naye kwa utulivu, umweleze hali ilivyo. Mtaala unamtaka mtoto aonyeshe ujuzi, na ujuzi unaweza kuonekana juu ya malighafi yoyote.

Kwa mfano, angalia kalenda ya mwaka jana iliyoning'inia ukutani kwako. Shanga za karatasi zimewalisha wanawake wengi katika nchi hii, lakini wengi wanaozinunua hawajatambua hesabu iliyomo. Mwanafunzi hukata pembetatu nyembamba na ndefu, kitako chake kikiwa sentimita mbili na urefu wake sentimita 30 hivi, akaanza kuizungusha kwenye kijiti cha ufagio kutoka upande mpana, akaimalizia kwa gundi kwenye ncha. Karatasi inavyozidi kujizungusha ndivyo kila mzunguko unavyoufunika uliotangulia, ukiacha ukingo mdogo tu wa kila upande. Kwa hiyo rangi zitakazoonekana juu ya ushanga ni zile za kingo za pembetatu pamoja na kipande cha mwisho cha ncha. Picha nzuri iliyokuwa katikati itazama ndani isionekane tena. Mtoto akiligundua hilo, ataacha kukata ovyo na kuanza kupanga: atapaka ukingo mmoja wino mwekundu na mwingine mweusi, atabashiri ushanga utakavyotoka, ataukunja, na atalinganisha ubashiri wake na matokeo. Aziweke shanga kumi za majaribio katika daftari kwa kuzishona kwa uzi, zilizofaulu na zilizoharibika, na kando ya kila moja aandike sababu. Utakachonunua ni gundi na kikopo kidogo cha vanishi, ambacho kinaweza kuchangiwa na wenzake watatu.

Jukumu lako wewe ni kumpa mahali pa kukaa, taa, na ruhusa ya kuchafua meza. Akikuuliza kama kazi yake ni nzuri, mwambie akuonyeshe sehemu anayoipenda zaidi na akueleze kwa nini.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Huwa ninatafuta picha kwenye simu ya kaka yangu na kuzichora mpaka zifanane kabisa, na kila mtu husema ninajua kuchora. Mwalimu wetu amenipa alama za chini akisema nimenakili. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi, Kampala)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkono wako una nidhamu, na hiyo si zawadi ndogo. Hata hivyo mwalimu wako yuko sawa, na sababu yake nataka uione mwenyewe.

Aliyepiga picha ile alishaamua kila kitu kwa niaba yako: asimame wapi, nini kikatwe, mwanga utoke upande gani. Wewe umebaki na kazi ya mwisho tu, ambayo ni kufananisha. Jaribu hivi. Chukua sigiri ya nyumbani, iweke uani, uichore saa moja asubuhi, kisha saa sita mchana, kisha saa kumi na moja jioni, bila kuisogeza. Asubuhi kivuli chake kitakuwa kirefu na matundu yake yatachora mistari ya mwanga chini. Mchana kivuli kitajikusanya chini ya miguu yake. Jioni kitageukia upande wa pili na bati litaonyesha mabonde ambayo mchana hukuyaona. Utakuwa na michoro mitatu ya kitu kimoja, na utalazimika kuchagua mmoja na kutetea uchaguzi huo. Uchaguzi huo ndio uliokosekana katika kazi uliyoiwasilisha.

Kwa kuwa unaishi Kampala, nenda pia ukautazame Mnara wa Uhuru katikati ya jiji. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, katika chuo ambacho shule yake ya sanaa ilikuja kupewa jina lake, na mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya. Ndiye aliyeuunda mnara huo kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962: mama aliyezungushiwa mikanda mwilini, akimwinua mtoto juu kwa mikono yake. Simama karibu na kitako chake uuchore, halafu vuka barabara uuchore tena. Ukiwa chini, mtoto anaonekana mdogo na mbali, na mikanda inatawala karatasi. Ukiwa mbali, mikono iliyoinuliwa inashika jicho kwanza. Maloba aliwaza juu ya watu wanaotazama kutoka chini, na wewe utayaelewa mawazo yake kwa miguu yako kuliko kwa kioo cha simu.

Simu usiitupe. Itumie kupiga picha hatua za kazi yako na kutazama kazi za wasanii wengine, na pale unaponakili kwa mazoezi andika chini kwamba umenakili kutoka wapi.

SWALI: Nataka wanafunzi wangu watumie kitambaa cha gome la mtuba katika mradi. Bibi wa mmoja wao amekataa kabisa, akisema hicho ni kitambaa cha kuzikia na cha heshima za kifalme, si cha kuchezea. Je, ana haki? (Mwalimu, Masaka)

JIBU: Ana haki ya kusikilizwa kwanza. Utengenezaji wa kitambaa hiki miongoni mwa Waganda, yaani watu wa ufalme wa Buganda, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Lakini muda mrefu kabla ya hapo kilikuwa tayari kikivaliwa katika kutawazwa kwa wafalme na kikitumika mazishini, na anayekijua hivyo ataumia akikiona kimepakwa gundi na kumetameta.

Ndiyo maana ningegeuza mpangilio wa mradi wako. Kabla ya kukata chochote, wapeleke wanafunzi kwa fundi wa magome. Eneo lenu linao. Wamwone akibandua gome la mtuba wakati wa mvua, akilifunga shina kwa majani ya migomba ili gome jipya liote, kisha akiligonga gome kwa nyundo za mti zenye mifereji tofauti, ile mipana ikitangulia na ile myembamba ikifuata, mpaka kipande kigumu kinapanuka na kulainika. Wachore nyundo hizo na alama zake, kwa maana mifereji ile ndiyo inayoacha mistari inayoonekana juu ya kitambaa ukikiinua kwenye mwanga. Kisha mwombe fundi huyo mabaki ya kingo na sehemu zenye matundu, ambazo hawezi kuziuza kwa bei ya kitambaa kizima. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinamtosha kila mwanafunzi, akishone kwa uzi wa mkonge bila kukipaka rangi, aache wekundu wake wa asili ufanye kazi. Na siku ya kuonyesha kazi hizo, mwalike yule bibi aje mapema, apewe kiti cha mbele, na azipitie yeye kabla ya mzazi mwingine yeyote kuingia.